Nyaya nne za spika na tatu za RCA nilizozipima hapa Dodoma, ipi inafaa hela yako

Mbukwenyi wakuu. Kila nikikaa na watu wanaopenda mziki hapa mjini swali ni lilelile, eti waya upi wa spika ni mzuri, na majibu wanayopewa madukani yanaumiza kweli, mtu ana spika za laki mbili anashauriwa achukue waya wa laki tatu. Nimezichukua nyaya zinazopatikana hapa, nimezipima kwa mita, nimezisikiliza, na nimewasikilizisha watu wengine bila wao kujua ipi inapiga. Kwa wenye haraka jibu ni hili: kwenye spika chukua fleksi ya umeme ya kopa (shaba) tupu, 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, ile yenye nyaya mbili ndani, na kwenye RCA, ule waya wa jeki nyekundu na nyeupe unaotoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya, mpe fundi kipande cha kebo ya kamera akutengenezee. Ila ukiishia hapo unaweza ukaenda dukani na bado ukauziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo ni bora usome mpaka uelewe kwa nini.

Mitambo yangu ni ya kawaida tu. Amplifaya ya Yamaha ya zamani, mtumba iliyotoka Uingereza kwa hiyo inakula umeme wetu wa 230 moja kwa moja bila transfoma, na spika mbili za Wharfedale za kukaa kwenye stendi, nyuma zimeandikwa ohm 6 (ohm ni kipimo cha upinzani wa umeme). Sabufa sina na sitaki. Mziki unatoka kwenye laptop na deki ya CD. Sebule ni ya nyumba za kisasa kama nyingi za huku Ilazo, tailizi chini, jipsamu juu, madirisha ya alminiamu, na kwa sababu ya mlango waya wa spika ya kushoto inabidi uzunguke ukutani mpaka unafika meta 7, na wa kulia nimeukata urefu uleule. Hiyo meta 7 ishike kichwani maana ndo inabeba stori nzima, mtu mwenye spika meta moja na nusu kutoka kwenye amplifaya hana shida nyingi hata akitumia waya mwembamba.

Mziki wa kupimia nilichagua niliouzoea. Kwanza rekodi ya ilimba, ala ya ubao yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, na izeze, yaani zeze, za Kigogo, na hapa nawaambia ukweli hakuna kitu kinachoanika mitambo kama ilimba, kwa sababu ule ubao una vitundu vilivyofunikwa na utando wa buibui, kila ulimi wa chuma ukipigwa utando unazizima juu yake, sasa mitambo mibovu inaufanya ule mzizimo uwe chenga tu, mitambo mizuri unausikia umekaa pembeni ya noti kabisa, kila kimoja na nafasi yake. Pili ni kwaya, sauti nne, bila vyombo. Tatu ni dansi la zamani lenye gita la besi linalotembea.

Waya wa kwanza ni ule mwekundu na mweusi mwembamba unaouzwa kila duka la redio, shilingi 1,000 kwa meta, ndo huohuo wanaopewa wenye redio za kawaida. Ukiukwangua kwa wembe ndani ni mweupe. Yaani ni alminiamu iliyopakwa kopa juu, sio kopa. Nikaziunganisha ncha za mbali nikapima kwenda na kurudi, meta 14 jumla, nikatoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe, ikabaki kama ohm 1.1. Inaonekana ndogo, lakini subiri.

Waya wa pili ni ule wa plastiki inayoonyesha ndani, mnene, unang'aa, upande mmoja kama shaba na upande wa pili kama fedha, unapendeza kwa macho na umeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni shaba safi isiyo na oksijeni, 2.5. Huu 2,500 kwa meta. Nilimwuliza kijana wa dukani, "Kaka, hii ni kopa kweli?" akasema "Kopa orijino kabisa bosi, soma hapo." Nikamwomba kipande cha inchi mbili nikatoka nacho nje nikakishika kwa koleo nikawasha kiberiti cha gesi. Nyuzi zikalegea, zikainama, zikakatika zikaacha vitone. Kopa haifanyi hivyo, kopa inayeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, kiberiti kinaifanya iwe nyekundu tu na inabaki imesimama, alminiamu inayeyuka kwenye 660. Kijana mwenyewe alishangaa, na naamini alishangaa kweli, yeye kaletewa roli limeandikwa kopa na yeye akauza kama lilivyoandikwa. Kwenye mita ukatoa kama 0.25.

Waya wa tatu fleksi. Hii ni ile ya umeme wa kawaida, mviringo, ganda jeupe nje, ndani nyaya mbili za nyuzi nyingi laini, 2.5. Nilinunua duka la vifaa vya umeme kule maeneo ya One Way kwa 4,000 kwa meta. Nyuzi ni nyekundu mpaka ndani. Kwenye mita ilikaa 0.11, na ndo inavyotakiwa kwa hesabu, kopa ya 2.5 ya nyuzi laini ina karibu ohm 8 kwa kilomita, piga meta 14 unapata hiyohiyo.

Wa nne niliazimwa na rafiki yangu anayefanya kazi kule Mtumba, mji wa serikali, waya wa kampuni ya Ulaya, umefumwa kwa nje kama kamba ya kiatu, ncha zina pini za dhahabu, aliununua nje kwa hela ambayo sitaiandika hapa maana nyumbani kwake hawaijui. Upinzani 0.10. Tofauti na fleksi ni ndogo kuliko uwezo wa mita yangu kusema kwa uhakika.

Sasa kwa nini hii ohm moja inaleta kelele. Watu wanadhani spika iliyoandikwa ohm 6 ina ohm 6 muda wote, haina. Ule ni wastani wa kumuuzia mtu. Spika inabadilika kila noti, kuna sehemu inashuka mpaka ohm 4, kuna sehemu ya besi pale kasha na koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, vinapovuma pamoja inaruka mpaka 25 au zaidi. Waya ukiwa na ohm 1.1 njiani, pale kwenye ohm 4 unanyang'anywa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 na kidogo, pale kwenye 25 unanyang'anywa chini ya nusu desibeli. Umeona? Haipunguzi sauti sawasawa, inapunguza hapa na kuacha pale, kwa hiyo waya umegeuka ikwalaiza ambayo hukuiomba. Kinachotokea ni kwamba kale kauvimbe ka besi kanabaki juu wakati vifua vya waimbaji vinashuka. Kwa fleksi ya 0.11 hesabu hiyohiyo inakupa tofauti ya robo desibeli hivi, sikio halishiki hiyo. Na kuna jambo lingine, amplifaya nzuri inaishika koni isicheze ovyo baada ya noti kuisha, ukiweka ohm moja katikati unaidhoofisha mikono, besi inachelewa kunyamaza.

Kwenye kusikiliza nilikuwa makini na jambo moja ambalo wengi wanaliruka, nalo ni kusawazisha sauti. Waya wenye upinzani mdogo unapiga juu kidogo, na sikio la binadamu likisikia kitu kimepanda kidogo linasema hiki ni kizuri zaidi, halisemi hiki kimepanda. Kwa hiyo kila tukibadilisha waya nilikuwa napiga mlio wa majaribio nasoma volti kwenye mikia ya spika, narekebisha volyumu mpaka zilingane, ndo tunasikiliza. Shemeji yangu alikuwa nyuma ya pazia anabadilisha, anayejua ni yeye tu. Wasikilizaji nilikuwa mimi, yule rafiki wa Mtumba, na mzee mmoja jirani ambaye amefundisha kwaya miaka mingi, huyo masikio yake nayaamini kuliko ya kwangu.

Waya wa kwanza mwembamba haukuwa na pa kujificha. Kwenye kwaya mzee alikunja uso akasema, "Mwanangu, sauti ya nne inavuma lakini haiimbi." Akaendelea kusema hasikii maneno ya wanaume, anasikia mvumo wao. Tukabadilisha bila kumwambia, akanyanyua kichwa palepale, "Hapa sasa wamesogea mbele, namsikia mpaka anayevuta pumzi vibaya." Ilikuwa ni fleksi. Na hakuna mara hata moja aliyokosea kuutambua ule mwembamba, tuliupeleka, tukaurudisha, tukampa uleule mfululizo kumchanganya, wapi. Kwenye dansi gita la besi kwa waya ule linakuwa nene lakini noti zinashikana, hujui imeishia wapi imeanzia wapi.

Wa pili, ule wa kung'aa, ndo wa katikati na nitausema kwa haki yake. Haukuwa mbaya. Mimi niliukamata mara kadhaa kwa ule uvimbe mdogo wa besi, mara nyingine ukanipita, rafiki yangu hakuutofautisha kabisa. Kama ungeuzwa kama alminiamu, kwa bei ya alminiamu, ningesema chukua kwa umbali mfupi. Tatizo langu na huu waya lipo kwenye mambo mawili, kwanza unalipia kopa hupewi kopa, pili ni maisha yake. Alminiamu ukiikaza kwa skrubu inakubali leo, baada ya miezi inakuwa imejiminya na kulegea, na ikipata hewa inajivika kaganda kasikopitisha umeme. Fundi akitaka kuichomelea kwa risasi haishiki vizuri. Ukiikunjakunja inakatika ndani bila ganda kuonyesha. Mtu anakuja kulalamika spika inakata inarudi, anadhani amplifaya imekufa, kumbe ni ncha ya waya.

Fleksi na ule wa Ulaya hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Si mimi, si mzee, si mwenye waya. Na mwenye waya alijitahidi kweli, alifumba macho, alirudia ilimba mpaka nikaikariri, majibu yake yakawa ya kubahatisha nusu kwa nusu. Hakununa, nampongeza kwa hilo. Waya wake ni mzuri sana, umetengenezwa kwa ustadi, pini zake zinakaa kwenye tundu kwa raha, ila sauti inayotoka ni ileile ya fleksi ya 4,000.

Na hili halijaanzia Dodoma. Mwaka 2007 James Randi, yule Mmarekani aliyekuwa na dau la dola milioni 1 kwa atakayethibitisha mambo ya miujiza, alisema dau hilo lipo pia kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio nyaya za Pear Anjou, zilizokuwa zinauzwa dola 7,250, na nyaya za kawaida. Mambo yakavunjika kabla ya jaribio kufanyika na hela hakuichukua mtu. Ukienda kwenye fizikia yenyewe hata fedha halisi, ambayo ndo chuma kinachopitisha umeme kuliko vyote, inaizidi kopa kwa asilimia 6 hivi tu. Asilimia 6 unaipata kwa kuongeza unene wa kopa kidogo sana, huhitaji kuuza ng'ombe. Na haya maneno ya shaba isiyo na oksijeni yana maana yake viwandani, lakini kopa ya kawaida ya umeme nayo upitishaji wake unakaribiana nayo mno, kwenye waya wa spika hupati chochote cha kusikia.

Kumtambua alminiamu dukani bila kuwasha moto wa watu: shika roli. Roli la meta 100 la 2.5 la nyaya mbili, kopa peke yake bila plastiki inatakiwa iwe karibu kilo 4 na nusu, la alminiamu iliyopakwa halifiki hata kilo 2, ukiwahi kuyashika yote mawili mkono hausahau. Ukikwangua uzi mmoja kwa wembe usikimbilie kusema feki kwa kuona weupe, angalia weupe uko wapi. Nje mwekundu ndani mweupe, hiyo alminiamu. Nje mweupe ndani mwekundu, hiyo ni kopa iliyopakwa bati, ni nzuri tu, chukua.

Twende RCA. Hizi ndo zile jeki nyekundu na nyeupe, nyekundu kulia nyeupe kushoto, jina limetoka kwa kampuni ya Radio Corporation of America tangu miaka ya 1930 huko, na mpaka leo tunahangaika nazo. Hapa shida sio unene, mkondo unaopita ni mdogo mno, shida ni kinga. Waya wa RCA unabeba sauti changa kabla haijakuzwa, kwa hiyo uchafu wowote ukiingia hapo amplifaya inaukuza pamoja na mziki.

Ule mwembamba unaokuja bure kwenye boksi la deki, niliufungua mmoja uliokufa nikakuta kinga ni nyuzi chache zimezungushwa mara mojamoja upande, nafasi kubwa wazi. Ukiulaza karibu na ekstensheni ya umeme unasikia mmm kwenye spika mziki ukiwa umenyamaza, simu ikikaa juu yake spika zinatikitatika kabla simu haijaita. Wa pili ni ule mnene wa dukani wenye vichwa vya rangi ya dhahabu, 15,000, huo ulikuwa kimya, sina malalamiko isipokuwa vichwa vinabana mno, ukivuta unaogopa utang'oa na tundu la amplifaya. Kuhusu dhahabu mjue tu kwamba haipitishi umeme kuliko kopa, inazidiwa, kazi yake ni kutoshika kutu. Na kutu yenyewe huku kwetu haina nguvu sana, hewa ni kavu. Mitambo inayotoka Tanga na Dar unaikuta vichwa vimeota ukijani, ya huku inaweza kukaa miaka na ikabaki safi, adui wetu ni vumbi. Upepo wa kuanzia Julai mpaka Oktoba unaingiza vumbi mpaka ndani ya tundu la jeki, ukichomeka unalikandamiza humo. Mara moja moja zima mitambo, chomoa, futa kwa pamba na spiriti, zungusha kichwa kwenye tundu, rudisha. Mimi nimewahi kuwafanyia hivyo watu waliokuwa wanataka kununua waya mpya na hawakununua tena.

Wa tatu ndo mshindi. Kebo ya kamera za ulinzi, ile ya duara ya RG59, lakini hakikisha ina wavu wa kopa uliofumwa umejaa na uzi wa katikati ni kopa, kuna zingine za wavu wa alminiamu mwepesi hazishiki risasi. Fundi mmoja wa Chang'ombe, mtu mzima, nilimsalimia shikamoo nikamweleza nataka nini, akasema, "Marahaba, hiyo ndo tulikuwa tunatumia zamani kabla hamjaanza kununua maboksi." Akachomelea vichwa vya chuma vizuri, akapima, yote pamoja na kazi yake haikufika 12,000 kwa jozi ya meta moja. Ni kimya kabisa hata ukiipitisha juu ya ekstensheni. Ni ngumu kidogo kukunja, nyuma ya kabati lenye nafasi finyu itakusumbua, hilo ndo baya lake pekee. Kwa wenye santuri tu niseme, msiweke ndefu, sindano ya kawaida inahesabu kapasita ya kebo, yaani uwezo wake wa kushika chaji, na hii ina kama pikofaradi 55 mpaka 70 kwa meta, meta moja ni sawa, meta tatu utaanza kubadilisha trebo. Kwa deki na DAC, kile kidude cha kubadilisha sauti ya kidijitali, usijali.

Kati ya RCA ya 15,000 na ya fundi, kwa masikio hatukusikia tofauti. Nimempa ushindi fundi kwa sababu ikiharibika inafunguka na kutengenezwa, ile nyingine imepigwa plastiki nzima ni ya kutupa.

Sasa kuna mvumo ambao hakuna waya utakaoutoa na hapa ndo watu wanapoteza hela nyingi kuliko popote. Unawasha amplifaya, shwari. Unachomeka king'amuzi au tivii kwenye amplifaya, mmmmm, mzito, wa 50 hertzi. Watu wanabadilisha RCA tatu nne haondoki. Sababu yake ni kwamba king'amuzi kimeunganishwa na dishi, dishi limekaa kwenye bomba lililogusa ardhi kule nje, na nyumba nayo ina ethi yake upande mwingine, sasa umeme mdogo unapita kutoka ardhi moja kwenda nyingine kupitia kwenye kinga ya RCA yako. Huku kwetu inazidi kiangazi, udongo ukikauka ethi inadhoofika, zile sehemu mbili za ardhi zinakuwa haziko sawa. Jaribio rahisi, chomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, mvumo ukikata umempata mwizi. Naomba sana mtu asikate pini ya ethi kwenye plagi, nimeona inafanyika na inaua watu. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague ethi na aunganishe bomba la dishi na ethi ya nyumba ziwe kitu kimoja, na kama fimbo ya ethi iko kwenye udongo mkavu atajua cha kufanya.

Au tumia waya wa mwanga, ambao ndo nilimaliza nao mimi kwenye tivii. Ule wa plastiki mwembamba unaotoa taa nyekundu, uliletwa na Toshiba mwaka 1983. Ndani hakuna chuma, kinachopita ni mwanga tu, kwa hiyo umeme wa ardhi hauna njia. Tivii, waya wa mwanga, kidude cha kubadilisha kwenda RCA, amplifaya. Mvumo ulikufa siku hiyohiyo. Na huu usinunue wa bei mbaya, ama unapitisha au unakata, hauna habari ya besi tamu. Nilichukua wa 8,000. Usiukunje kona kali tu. HDMI nayo usinunue ya bei mbaya, ikifanya kazi inafanya kazi.

Ncha za spika. Kama amplifaya yako inapokea pini za ndizi (banana plug) weka, sio kwa ajili ya sauti, ni kwa usalama, uzi mmoja wa kopa ukitokeza ukagusa upande wa pili unaweza kuiunguza amplifaya nzima kwa shoti ya kijinga. Kama ni zile za kubonyeza, sokota nyuzi zikaze, paka risasi kidogo mwishoni. Waya ukipita chini karibu na ukuta wa stoo uingize kwenye bomba la plastiki, panya wa mji huu wanapenda ganda la fleksi.

Wenye kumbi, makanisa na baa mnaoniuliza kuhusu umbali mrefu, kipimo ninachotumia ni upinzani wa kwenda na kurudi usizidi asilimia 5 ya ohm za spika. Kwa spika ya ohm 8 kopa ya 1.5 inafika kama meta 15, ya 2.5 kama meta 25. Spika ikiwa ohm 4 gawa kwa mbili. Ukiwa na alminiamu iliyopakwa toa theluthi nzima, na uombe Mungu unene ulioandikwa uwe wa kweli. Kwaya ya yule mzee ukumbi wao spika za nyuma ziko meta 30 na zaidi, pale tunataka kuweka kopa ya unene wa 4, nimeshaenda kuulizia bei madukani na kesho tunapitia kwa fundi na kipande cha kukwangua.